Dawa Ikiondolewa, Maumivu Hubaki



Ni nadra katika nyumba zetu za mwambao kukosa mtu anayeamka na goti lililokaza. Pengine ni bibi anayeswali juu ya kiti kwa kuwa kusujudu chini kumemshinda. Pengine ni baba aliyechukua magunia bandarini ujanani, na sasa mgongo unadai deni lake. Pengine ni mama ambaye vidole vyake hukataa kukunjika kila alfajiri. Kila mmoja wao ana kidonge chake. Hukijua kwa rangi na kwa boksi, hukiweka kando ya kitanda, na hukiamini kama mtu amwaminivyo sahibu wa siku nyingi. Basi itakuwaje siku atakapofika duka la dawa na kuambiwa, "Dawa hii haiuzwi tena, imeondolewa"?

Juma hili tumeona vyema tulizungumze jambo hilo, kwani huwakuta watu ghafla, na ghafla ndiyo hali inayozaa makosa. Muradi wetu ni mmoja. Dawa ya maumivu ikiondolewa, watu wengi huuliza: ipi inafanana nayo? Sisi twasema swali la kwanza ni jingine: mwili utakaomeza mbadala huo una hali gani? Ili hoja hii isibaki maneno matupu, tutaanza na kisa kilichotokea mbali nasi, kisha turudi nyumbani.

Kisa cha Vioxx

Mwezi wa Mei mwaka 1999, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya maumivu iitwayo rofekoksibi, ambayo kampuni ya Merck iliiuza kwa jina la Vioxx. Ilikuja na ahadi kubwa. Dawa za kale za jamii yake, kama vile aspirini, ibuprofeni na naproksini, hutuliza maumivu lakini huliumiza tumbo, na watu wengi waliozitumia kwa miaka walipata vidonda na hata kutokwa damu. Vioxx ilitarajiwa kukituliza kiungo na kuliacha tumbo salama.

Ahadi hiyo ilikuwa na msingi. Mwilini mna vimeng'enya viwili vilivyo ndugu. Cha kwanza ni mlinzi wa kila siku: huhifadhi utando wa tumbo, huisaidia figo, na huiwezesha damu kuganda mtu anapojikata. Cha pili huamka zaidi penye jeraha au uvimbe, nacho ndicho kichocheacho maumivu. Dawa za kale huvifunga vyote viwili, ndiyo maana goti hupoa huku tumbo likiungua. Vioxx ilikifunga cha pili na kumwacha mlinzi kazini.

Tatizo ni kwamba kile cha pili kina kazi nyingine ndani ya mishipa. Husaidia kutengeneza kemikali inayoizuia damu isigande ovyo. Kikifungwa peke yake, mizani huelemea upande wa kuganda, na damu ikiganda penye mshipa wa moyo au wa ubongo, mtu hupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Hayo ndiyo maelezo ambayo wataalamu wengi huyatoa.

Dalili hazikuchelewa. Novemba mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioitwa VIGOR, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 8,000 wa baridi yabisi. Waliopewa Vioxx walipata matatizo makubwa ya tumbo kiasi cha nusu ya yale waliyopata wenzao waliopewa naproksini. Hiyo ilikuwa habari njema. Lakini mshtuko wa moyo uliwapata watu 0.4 katika kila 100 upande wa Vioxx, na 0.1 upande wa naproksini. Kampuni ilieleza kwamba naproksini ndiyo iliyoulinda moyo, wala si Vioxx iliyoudhuru. Biashara ikaendelea, na mwaka 2003 mauzo ya dawa hiyo yalipita dola bilioni 2.5.

Ubishi ulikomeshwa na utafiti mwingine, APPROVe, ambao haukuwa na nia ya kuuchunguza moyo. Ulitaka kujua kama Vioxx ingeweza kuzuia vinyama vya utumbo mpana visirejee. Watu 2,586 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja likapewa Vioxx, jingine likapewa kidonge kisicho na dawa ndani. Safari hii hapakuwa na naproksini ya kubebeshwa lawama wala sifa. Waliopatwa na mshtuko wa moyo, kiharusi na maafa mengine ya damu kuganda walikuwa 46 upande wa Vioxx na 26 upande wa pili. Tarehe 30 Septemba 2004, Merck iliiondoa dawa hiyo katika masoko yote ya dunia.

Novemba ya mwaka huohuo, Dakta David Graham, mtumishi wa mamlaka ileile iliyoidhinisha dawa, alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani na kuilaumu mamlaka yake mwenyewe. Utafiti alioushiriki, uliochapishwa mwaka 2005, ulikadiria kuwa nchini Marekani pekee dawa hiyo ilisababisha visa vya ziada kati ya 88,000 na 140,000 vya ugonjwa mkubwa wa moyo. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 ili kesi ziishe, bila kukiri kosa.

Mbio za kutafuta mbadala

Aghalabu kisa hiki husimuliwa mpaka hapo na kuachwa. Kwetu sisi, sehemu yenye faida kubwa ndiyo inayofuata. Dawa iliondoka siku moja, lakini magoti ya mamilioni ya watu yaliendelea kuuma siku ya pili yake. Wakimbilie wapi?

Wengi walielekea kwa ndugu wa karibu wa Vioxx: selekoksibi, iliyouzwa kwa jina la Celebrex, na valdekoksibi, iliyouzwa kwa jina la Bextra. Ilionekana kuwa busara, maana zilifanya kazi ileile kwa njia ileile. Lakini tarehe 17 Disemba 2004, utafiti mmoja wa Celebrex ulisimamishwa kwa sababu waliopewa vipimo vikubwa walionekana kupata maafa zaidi ya moyo. Siku tatu baadaye, naproksini, ile iliyosifiwa kuwa mlinzi wa moyo, nayo ikaingia katika shaka kwa utafiti mwingine. Tarehe 7 Aprili 2005 Bextra ikaondolewa, kwa ajili ya moyo na kwa ajili ya ugonjwa hatari wa ngozi kubabuka. Mtu aliyetoka Vioxx akaingia Bextra alijikuta amehamishwa mara mbili ndani ya miezi saba. Na Agosti mwaka 2007, ndugu mwingine wa jamii hiyo, lumirakoksibi, aliondolewa Australia baada ya kuharibu maini ya watumiaji.

Vumbi lilichukua miaka kutulia. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa PRECISION, uliowafuata watu takriban 24,000. Ulionyesha kuwa selekoksibi kwa kipimo cha wastani haikuwa na hatari kubwa zaidi kwa moyo kuliko ibuprofeni au naproksini. Dawa iliyokuwa ikinyooshewa vidole ikabaki, ilhali dada zake wameondoka. Kwa hiyo dawa mbili zaweza kufanana kwa jina, kwa rangi na kwa kazi, zikatofautiana kwa hatari, na anayezifananisha kwa macho hana njia ya kujua. Tena hakuna hata moja katika jamii hii isiyo na gharama. Mwaka 2015 mamlaka ya Marekani iliongeza ukali wa onyo lake kwa karibu zote isipokuwa aspirini: hatari ya moyo na kiharusi yaweza kuanza katika majuma ya mwanzo ya kutumia, nayo hukua kadiri kipimo kinavyokua.

Kidonge kilichomo kabatini mwetu

Msomaji huenda akasema: hayo ni ya Marekani, sisi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu ya dawa moja tuijuayo sana, diklofenaki, ambayo juu ya boksi huandikwa Diclofenac. Mwaka 2013 watafiti wawili walichunguza mauzo ya dawa za maumivu katika nchi 15, pamoja na orodha za dawa muhimu za nchi 100. Walikuta kuwa diklofenaki ndiyo iliyotumika kuliko zote, na kwamba hatari yake kwa moyo inakaribiana sana na ile ya Vioxx iliyoondolewa. Ilikuwa katika orodha za nchi 74, ilhali naproksini, ambayo moyo huihimili zaidi, ilikuwa katika orodha za nchi 27 tu. Orodha ya mfano ya Shirika la Afya Duniani yenyewe imeitaja ibuprofeni na wala haikuitaja diklofenaki. Mwaka huohuo wa 2013, mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa agizo kwamba isitumiwe na mtu mwenye ugonjwa wa moyo au wa mishipa, wala aliyewahi kupata mshtuko wa moyo au kiharusi.

Hatusemi kwamba diklofenaki ni sumu. Kijana mzima aliyeteguka kifundo akaitumia siku tatu kwa maagizo ya daktari, hatari yake ni ndogo. Tunasema kwamba mzee wa miaka 70 mwenye presha na sukari, anayeinunua kila Ijumaa kama anunuavyo sukari ya chai, yuko katika hatari ambayo hakuna aliyemweleza. Wala asidhani kuwa sindano ni salama kuliko kidonge kwa kuwa haipiti tumboni. Dawa ikishaingia katika damu hulifikia tumbo, figo na moyo kwa njia hiyohiyo ya damu.

Lipo na jambo la majina. Diklofenaki moja huuzwa kwa majina mengi ya biashara, na kadhalika ibuprofeni. Mtu hupewa boksi moja hospitalini, akaletewa jingine na mwanawe kutoka Dubai au Jeddah, akameza yote mawili akiamini kuwa ni dawa mbili tofauti, kumbe amemeza moja mara mbili. Jina la kampuni huandikwa kwa herufi kubwa, jina la dawa yenyewe huandikwa chini yake kwa herufi ndogo. Hilo dogo ndilo la kusomwa.

Mwili wa nani?

Sasa turejee kwenye swali letu. Anayetafuta mbadala na aupime mwili wake kwanza, au ampimie mzee wake, kabla ya kulipima boksi.

Mwenye historia ya vidonda vya tumbo, au anayetumia dawa za kuyeyusha damu, tumbo lake ndilo la kuhofiwa kwanza. Huyu daktari aweza kumwepusha kabisa na jamii hii ya dawa, au akampa pamoja na dawa ya kupunguza asidi kama omeprazoli. Ajue dalili za hatari: kinyesi cheusi kama lami, au kutapika kitu kinachofanana na machicha ya kahawa. Hizo hazingojei asubuhi.

Mwenye ugonjwa wa moyo, au aliyepata kiharusi, asiiguse diklofenaki. Ikiwa anameza aspirini ndogo kila siku kwa ajili ya moyo, na amwambie daktari kabla ya kuongeza ibuprofeni, kwani ibuprofeni yaweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake.

Mwenye presha ajue kuwa dawa hizi huipandisha, na huzipunguza nguvu dawa zake za presha. Mara nyingi mtu huongezewa vidonge vya presha mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyeuliza juu ya kidonge cha goti. Na mwenye figo dhaifu, au anayetumia dawa ya presha pamoja na dawa ya kukojosha, akiongeza na hizi juu yake huziweka figo zake mahali pabaya, hasa siku za joto kali, za kuharisha au za kutapika, mwili unapopungukiwa na maji.

Mama mjamzito aliyefika majuma 20 asitumie jamii hii ila kwa amri ya daktari, kwani figo za mtoto aliye tumboni zaweza kudhurika. Na sisi watu wa pwani tuna jambo letu la ziada. Mombasa imekwisha kukumbwa na milipuko ya homa ya dengue, na mwishoni mwa 2017 kuingia 2018 ilikumbwa na chikungunya. Homa hizo huanza kwa joto na maumivu makali ya viungo na mifupa. Dengue yaweza kumfanya mtu atokwe damu, na aspirini, ibuprofeni au diklofenaki humwongezea hatari hiyo. Kwa hiyo maumivu ya viungo yakija pamoja na homa, parasetamoli ndiyo ya kushika mpaka vipimo vitoke.

Parasetamoli nayo ina mipaka yake. Kwa goti lililochakaa nguvu zake ni chache, ingawa wapo wanaofaidika. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 katika saa 24, na mwenye ugonjwa wa ini au mwenye mwili mdogo apewe kipimo chake na daktari. Aangalie pia dawa za mafua na za kichwa, maana nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Lipo na kundi jingine ambalo watu hulikimbilia dawa zao zikitoweka: tramadoli na jamaa zake. Hizi ni za ukoo wa afyuni. Humzoesha mtu, humtia kizunguzungu, na mzee akianguka akavunjika nyonga, goti lake halikuwa tena tatizo kubwa. Zina mahali pake kwa maumivu makali chini ya uangalizi. Goti la miaka kumi si mahali hapo.

Mbadala usiomezwa

Wengi wakisikia neno mbadala hufikiria kidonge kingine. Lakini kwa magoti na migongo iliyochakaa, madaktari wa siku hizi huanza na mambo yasiyomezwa, na vidonge hufuata nyuma.

La kwanza ni dawa ya kupaka. Dawa za jamii hiihii hutengenezwa kama jeli, na ikipakwa juu ya goti au kiganja hufanya kazi pale ilipopakwa, huku sehemu ndogo tu ikiingia katika damu. Kwa mzee mwenye goti moja au mawili, hiyo ni njia ya kumwuliza daktari mapema. Hata hivyo, mwenye figo dhaifu au ugonjwa wa moyo asiipake mwili mzima kama mafuta ya nazi.

La pili ni mazoezi. Msuli wa paja ndio ulibebao goti, na msuli usiotumika hunyauka. Aketi mtu kwenye kiti imara, anyooshe mguu mmoja mbele mpaka ulingane, ahesabu mpaka tano, aushushe polepole, kisha abadilishe. Au asimame kutoka kitini na kuketi tena mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, ikiwa anaweza. Maumivu kidogo siku za mwanzo si dalili ya kuharibika. Goti likivimba, apunguze. Faida yake haionekani kwa siku tatu, huonekana kwa majuma. Mwenye nafasi ya kumwona mtaalamu wa viungo hospitalini asiidharau, kwani atapimiwa mazoezi ya kiasi chake.

La tatu ni uzito, nalo hatulisemi kwa kumcheka mtu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005 ulipima magoti ya wazee wanene na kuona kuwa kila kilo moja waliyopunguza iliondoa mzigo wa kilo kama nne juu ya goti katika kila hatua. Aliyepunguza kilo tano amelitua goti lake kilo 20, na mtu hupiga maelfu ya hatua kwa siku. Mahamri mawili badala ya manne, chai yenye sukari kidogo, na matembezi ya jioni upepo unapoburudisha. Hivyo navyo ni dawa, wala havijapata kuondolewa madukani.

Kukandwa kwa maji ya moto na kusingwa kwa mafuta, kama walivyofanya wazee wetu, hulegeza misuli na kumpa mtu raha, na hatuoni sababu ya kuyaacha, maadamu kiungo hakina uvimbe mpya wenye joto. Habasoda, tangawizi na manjano ni vyakula vyema, lakini anayetumia dawa za kuyeyusha damu na amweleze daktari ikiwa anavila kwa wingi kama dawa.

Tahadhari ya unga usio na jina

Pengo la dawa iliyoondolewa huwavutia wauzaji wa kila namna. Atatokea mtu na kichupa au unga, aseme ni mitishamba mitupu, na mzee aliyekuwa akichechemea atatembea siku ya pili. Hapo ndipo pa kusita. Mwaka 2022 mamlaka ya Marekani iliwaonya watu juu ya vidonge vilivyoitwa Artri King, vilivyouzwa kama kirutubisho cha viungo. Vilipopimwa, vilikutwa na diklofenaki pamoja na deksamethasoni, na hakuna iliyoandikwa kwenye chupa. Deksamethasoni huondoa maumivu kama mwujiza, lakini ikitumiwa kwa muda huinua sukari, huvimbisha uso, hudhoofisha mifupa, na huufanya mwili usahau kujitengenezea homoni yake. Aliyekwisha kuitumia kwa majuma asiiache ghafla, maana kuacha ghafla kwaweza kumwangusha; na aende hospitalini na kichupa chake mkononi. Dawa ya mitishamba inayoponya goti kwa usiku mmoja ni ya kutiliwa shaka kwa sababu hiyohiyo ya kuponya kwa usiku mmoja.

Mwezi wa Ramadhani

Swali hili huja kila mwaka, basi tuliweke mapema. Kumeza dawa hizi wakati wa daku kisha kushinda bila maji siku ya joto ni kuzielemea figo, hasa za mzee na za mwenye presha. Afadhali kipimo kije baada ya futari, pamoja na chakula na maji ya kutosha, tena kwa ushauri. Anayehitaji dawa mara tatu kwa siku amwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwandamo, huenda akabadilishiwa ya mara moja au ya kupaka. Na daktari mwaminifu akimwambia kwamba kufunga kutamdhuru, ajue kuwa Qur'ani yenyewe imempa mgonjwa ruhusa. Kupokea ruhusa ya Mola wake si upungufu wa imani.

Siku ukiambiwa "imeondolewa"

Tumalizie kwa ya kutenda. Ukiambiwa dawa yako haipo, uliza kwanza: imekwisha, au imeondolewa? Dawa iliyokwisha ni habari ya meli na ghala; daktari aweza kukuandikia dawa ileile yenye jina jingine. Dawa iliyoondolewa ina sababu, na sababu hiyo ndiyo itakayoongoza hatua inayofuata. Iliyoondolewa kwa ajili ya moyo, usikubali kupewa ndugu yake juu ya kaunta bila kuulizwa habari za moyo wako.

Pili, usiendelee kumeza vilivyobaki eti kwa kuwa vilinunuliwa kwa pesa. Wala usimpe jirani. Virudishe kwa mfamasia. Dawa za jamii ya ibuprofeni zaweza kuachwa mara moja bila madhara ya kuacha. Za ukoo wa afyuni na za ukoo wa deksamethasoni haziachwi ila kwa ratiba ya daktari.

Tatu, tia maboksi yote yaliyomo nyumbani katika mfuko mmoja, ya presha, ya sukari, ya goti, ya mitishamba na yaliyotoka ng'ambo, uende nao kwa daktari. Mfuko huo humweleza mengi kuliko kumbukumbu ya mzee. Nne, ukiona dhara lolote baada ya kumeza dawa, liripoti kwa mfamasia au kwa Bodi ya Dawa na Sumu. Bodi hupokea taarifa hizo hata kutoka kwa raia wa kawaida. Vioxx isingeondoka lau maafa ya wagonjwa yasingehesabiwa moja moja.

Na kwenu vijana mnaowanunulia wazee wenu dawa, tuna ombi. Msiishie kuuliza, "Bibi, nikuletee ile ya juzi?" Muulizeni pia amekula nini kabla ya kuimeza, miguu imevimba au haikuvimba, presha ilipimwa lini. Dakika tatu za maswali hayo, na nyingine kumi za kumshika mkono akisimama na kuketi kitini, ni sehemu ya tiba ambayo duka halina.

Mola awape wagonjwa wetu nafuu, na awajaalie wazee wetu waisimamishe swala yao kwa wepesi, iwe juu ya mkeka au juu ya kiti.